Taa za Mlimani na Pumzi ya Baba

Mimi ni fundi umeme, na sipendi kuambiwa kwamba umeme umechoka njiani. Umeme hauchoki. Waya mwembamba ukiwa mrefu huumeza, mzigo ukizidi huumeza zaidi, na taa ya mwisho inabaki na makombo. Hilo nimewaeleza watu wa Kiseke mpaka koo likakauka, na bado kila Desemba wananiletea waya wa kengele ya mlangoni wakitaka uwashe uwanja mzima.

Kigango chetu kiko chini ya mlima, na juu, kwenye jiwe kubwa kuliko yote, kuna msalaba. Kila Krismasi wazee wa kanisa hupandisha taa kutoka mlango wa kigango, katikati ya mawe, hadi msalabani, ili hata aliye ziwani azione. Ni balbu za zamani, zile zinazochemka. Vitaa vidogo vya siku hizi hawavitaki. Wanasema ni vya baa.

Mwaka ule taa za chini ziliwaka vizuri, za katikati zikasinzia, za msalabani zikawa nyekundu kama mkaa unaokaribia kuzimika. Katekista alipanda hadi nyumbani kwetu siku moja kabla ya mkesha, kuniomba nizitengeneze. Nyumba yetu iko hukohuko juu, hatua chache kutoka msalabani, pale nguzo za umeme zinapoishia.

Ndani tulikuwa na mgonjwa. Baba alipasua kokoto maisha yake yote, na vumbi lilikuwa limemmaliza mapafu. Alilala na mrija puani, umeungwa kwenye mashine ya oksijeni tuliyoazimwa, mashine inayotumia umeme. Chini ya kitanda kulikuwa na mtungi wa akiba. Waliojua kuufungua walikuwa wawili, mama na mimi.

Nilishuka na mita yangu nikapima. Kigangoni, volti mia mbili na ishirini. Msalabani, mia moja sitini na kitu. Nilikagua viungo vyote, maana wazee wetu hufunga waya kwa kipande cha mfuko wa nailoni na kumwachia Mungu yaliyobaki. Viwili vilikuwa na kutu. Nikavikata, nikavifunga upya, tukapata nafuu kidogo tu. Dawa ilikuwa waya mnene, na waya mnene niliutafuta hadi Igoma nikaukosa. Kwa hiyo nikafanya ambalo fundi yeyote angefanya: niliukata mstari katikati, nusu ya chini ikabaki kigangoni, nusu ya juu nikaileta kwetu ivute umeme wa nyumbani.

Nilimwomba baba ruhusa. Yeye na wenzake ndio waliopandisha ule msalaba kwa mabega.

"Wape," alisema. Akavuta pumzi, akamalizia, "Kanisa halinyimwi."

Jioni ya mkesha, kama saa moja, nilichomeka. Taa zote zikawaka sawasawa, toka mlangoni hadi juu. Kwaya iliyokuwa ikijiandaa kule chini ikapiga vigelegele, ngoma zikaanza, na katekista, aliyepanda na wazee kushuhudia, akanishika bega mbele za watu akasema, "Huyu ndiye fundi." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kichwa kilinivimba. Nilikwenda dirishani nikamwita mama.

"Mama, toka kidogo uone."

"Na baba yako?"

"Si mashine ipo? Dakika mbili tu."

Akatoka na kanga yake mabegani. Tuliketi kwenye jiwe, akatazama kazi yangu na kunishukuru. Zilikuwa dakika kumi, pengine kumi na tano.

Saa ile mtaa mzima ulikuwa unapiga pasi nguo za sikukuu. Kila jioni kama ile umeme wa nguzo za mwisho huwa mdogo, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote, kisha nikaubebesha balbu ishirini bila kupima. Mashine ya baba, umeme ukipungua sana, hulia kidogo halafu hujizima. Ililia. Sisi tulikuwa tunasikiliza ngoma.

Mama alitangulia kuingia. Hakupiga kelele, aliniita tu. Baba alikuwa ameegemea ukingo wa kitanda, mkono mmoja umeshuka chini, vidole viko juu ya mtungi. Niliufungua. Haukusaidia kitu.

Mama alipotoka kuwaita majirani, nilichukua mita nikapima soketi ya pale kitandani. Mia moja hamsini na nane. Ndipo nikachomoa taa. Nilipima kwanza, baba yangu amelala pale, na sijui mtu wa namna gani hufanya hivyo.

Siku ya tatu baada ya mazishi mama aliniuliza, bila ukali, tukiwa wawili tu jikoni.

"Mwanangu, ulipima umeme wa humu ndani kabla ya kuwapa?"

"Nilipima, mama. Ulitosha."

Alinitazama, akaamini. Mimi ni fundi, na ni mwanawe.

"Basi ni mimi," alisema. "Nisingetoka nje, ningemfungulia mtungi."

Ni mwaka wa nne sasa, na kila Jumapili nakaa naye benchi moja, nikimsikia akimwomba Mungu amsamehe.