Vifaranga Hawasomi Tiketi

Shangazi yangu hajawahi kupanda ndege. Mtaani wanamwita Siku Ishirini na Moja, kwa kuwa ndizo siku ambazo yai hukaa katika mashine zake za kutotolesha vifaranga. Alianza na mashine moja ya mtumba, akaibembeleza kwa waya na gundi. Leo anazo sita, zimejaza chumba alichokuwa akipangisha.

Jumanne alfajiri vifaranga elfu mbili walipasua mayai. Walikuwa wa mteja wake wa kwanza wa ng'ambo, niliyemtafuta mimi. Kifaranga hudumu siku tatu kwa kiini alichozaliwa nacho tumboni, bila chakula wala maji. Kutoka kwetu hadi kwa mteja ni kilomita zaidi ya elfu saba, na ndege ya moja kwa moja, Jumatano jioni, ingezimaliza kwa saa tisa tu. Hesabu safi.

Jumatano mchana karani wa mizigo akapiga simu. Ndege imeharibika. Ipo nyingine ya kuunga, ya kubadilisha ndege njiani: inaondoka leo saa moja usiku, inafika kesho saa nne usiku.

"Masaa ishirini na saba," nikamwambia shangazi. "Siku zao tatu zinaisha Ijumaa saa kumi na mbili alfajiri. Muda upo wa kumwaga. Tupakie."

Hakutulia. Anafungua boksi, analifunga, anaingiza kidole kwenye matundu ya hewa.

"Huko kwake saa hizi ni saa ngapi?"

"Inahusu nini, shangazi?"

"Mpigie ya video."

Mteja alipokea mdomo umejaa povu. Alikuwa anapiga mswaki. Sisi tulishaosha vyombo vya mchana.

"Umeona? Mwenzako ndiyo anaamka," shangazi akasema. "Wewe unanisomea saa ya kwake kama vile iko ukutani kwangu. Tumemtangulia masaa sita, mwanangu."

Nikaongeza sita: thelathini na tatu. Wangetua zikibaki saa mbili, bado ukaguzi, bado saa nne za gari hadi shambani. Nilikuwa naelekea kumuuzia mtu mizoga.

Shangazi akaninyang'anya simu. "Leo hawaji. Nakupa wapya baada ya wiki tatu."

"Mama, mabanda yangu matupu," mteja akasema. "Nitatafuta mwingine."

"Tafuta. Ukimpata, muulize wake walipasua lini." Akakata.

Nilizunguka na maboksi kwa wafugaji wa karibu mpaka sauti ikakauka. Wakaniona nina haraka, wakanikamua. Nikauza hivyohivyo, wote. Niliporudi jioni mteja hakuwa amesema kama atangoja. Shangazi anapita katikati ya mashine, anarudi, simu kiganjani. Ahadi ya wiki tatu haikumwachia hata siku moja ya kungoja: mayai yaingie leo, au ahadi ife.

"Na asipojibu?" nikauliza.

"Utazunguka tena na maboksi. Sauti si itakuwa imesharudi?" Akavuta mlango wa mashine ya kwanza. "Shika trei."