Ndoo ya Makayabo

Wapendwa, musinicheke. Nilikuta nguruwe wetu watano wamesimama, vichwa wamevigandamiza ukutani, kama watoto wa shule waliopewa adhabu.

Nikaita. Hakuna aliyegeuka. Mmoja akatembea mpaka akagonga mlango, akarudi nyuma, akaugonga tena. Macho wazi, lakini haoni.

Mume wangu Mugisho akapiga magoti kwenye majani makavu. "Nzigire, banakufa! Batoto bangu banakufa!"

Lazima muelewe. Tangu aumie mgongo kiwandani hapa Lackawanna, Marekani, Mugisho alikuwa analala tu, uso ukutani. Hasemi, hali. Siku moja aliniomba nifiche dawa zote za nyumbani. Nikazificha zote, hata za kikohozi.

Nguruwe ndio waliomuamsha. Mzungu mmoja mzee alitupatia banda la kufugia nguruwe nje ya mji, bon, Mugisho akaanza kuamka kabla yangu. Anasaga mahindi, anakaanga soya mpaka inukie, maana mbichi inasumbua tumbo. Anachanganya na maganda ya viazi, anapika uji kwenye pipa. Akawa anawaongelesha kwa Mashi, lugha ya kwetu, halafu na mimi akaanza kuniongelesha.

Donc hao wakifa, nilijua nani angefuata.

Jumamosi kanisa lilikuwa na sherehe. Wifi yangu Veridiana, dada ya Mugisho, akatuletea ndoo ya mabaki: ugali, maharagwe, vichwa vya makayabo, yule samaki wa chumvi, pamoja na maji alimolowekwa. Tulikuwa hatupatani. Alishasema kaka yake anatutia aibu kwa kushinda na nguruwe. Akaniambia kitu kuhusu yale maji, lakini nilikuwa nimenuna. Nikamwaga yote kwenye uji ili unoge.

Theluji ikafunga barabara. Siku mbili hatukufika bandani.

Siku tulipofika ndipo nikakuta hayo ya vichwa. Nikakumbuka ile ndoo. Karuho! Ile sumu tunayoogopa kwetu Bukavu, Kongo. Nikampigia simu Veridiana.

"Mchawi wewe! Umewapa nini wanyama wa kaka yako? Wamekuwa vipofu, wanasukuma ukuta kwa kichwa!"

"Ngoja, wifi, mayi..."

Nikakata kabla hajamaliza habari ya maji. Akapiga, nikakata. Akapiga tena, nikazima simu kabisa.

Mugisho akagundua bomba la maji bandani limeganda kwa baridi. "Mungu wangu, ni kiu tu!" Akakimbia kwa mzungu, akaleta ndoo juu ya ndoo. Walikunywa, jamani! Mugisho akacheka. Mimi nikaimba.

Halafu wakaanza kuanguka. Povu mdomoni, miguu inapiga hewa. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Mugisho hakulia tena, na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi.

Veridiana akaingia mbio, viatu viwili tofauti mguuni. Alipoona ndoo tupu akajishika kichwa.

"Niko napiga simu, Nzigire! Ba nguruwe ba marehemu bwana yangu kule Walungu balikufa vile vile. Akila chumvi na akakosa mayi, unamupa kikombe, unangoja, unamupa tena. Ukimupa mingi inamuua! Na ile mayi ya makayabo, si nilikuambia umwage?"

Baadaye daktari wa mifugo alisema hivyo hivyo. Hakukuwa na sumu yoyote. Ilikuwa chumvi, kiu, na kiburi changu.

Mmoja alibaki hai, yule aliyeshindwa kujikokota mpaka kwenye maji. Veridiana akakaa chini kwenye mavi, akaweka kichwa cha nguruwe mapajani, akamnywesha kwa kikombe. Ndiyo, yule yule aliyeona haya. Asubuhi nguruwe akasimama mwenyewe.

Lakini Mugisho alirudi kitandani, uso ukutani.

Nikataka kummwagia yote kwa pamoja: samahani, Biblia, mchungaji, ndugu wa Louisville na Columbus kwenye simu. Veridiana akanishika mkono. "Kidogo kidogo, wifi."

Basi naketi karibu naye, nasema neno moja tu kuhusu nguruwe wake. "Amekula." Nanyamaza. Kesho yake: "Leo alikutafuta mlangoni." Nanyamaza tena.

Jana akageuka.

"Soya," akasema, "unaikaanga mpaka inukie?"

Nililia.

Ndugu zangu, kasirikeni mnavyotaka, hata tukaneni. Lakini mtu akikupigia tena baada ya kumtukana, pokea simu.