Kuni za Karamu ya Ubatizo

Wakati wa vita kuu ya pili, mimi na mume wangu tulipobatizwa kwetu Kisauni, mwalimu wa dini aliamuru vigango ving'olewe. Hizo ni nguzo za kuchonga tulizowasimamishia wazee wetu waliokufa, naye alisema ni sanamu za shetani. Vijana wa kanisa walizipasua kwa shoka, na kwa kuwa kuni zilikuwa adimu, zikaingia jikoni kupikia wali wa karamu.

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alipoletewa sahani, aliisukuma kando.

"Mama, huli?" nikamwuliza.

"Mwanangu, mume wangu hakunipikia hata siku moja alipokuwa hai. Leo ndiye aliyeivisha wali huu. Nitaulaje?"

Wageni wakaacha kutafuna. Mwalimu akacheka, akasema ule ulikuwa mti tu, hauna roho wala nguvu.

"Kama ni mti tu, mwalimu," mavyaa akamwuliza kwa upole, "mbona ulipokuwa umesimama ulikukosesha raha?"

Mwalimu alikula peke yake, akaomba aongezwe. Sisi Wakristo wapya tulilala na njaa.