Kitambi cha Bwana Shamba

Baada ya uhuru nilipewa ofisi ya Mzungu aliyerudi kwao, na pamoja na ofisi nikapewa Landrova, dereva na kiti chenye mito. Kabla ya hapo nilikuwa bwana shamba wa kawaida, nikizunguka kwa baiskeli kutoka Kakamega hadi Bukura na vijiji vya katikati, kuwaonyesha watu jinsi ya kupanda mahindi kwa mistari. Sasa kazi ikawa kutia sahihi. Saa nne nililetewa chai na mkate wa siagi, saa saba wali kwa nyama, na jioni kulikuwa na karamu za kupongezana ambako kukataa sahani ya pili ni kumtukana mwenyeji.

Ndani ya miaka mitatu nikaota kitambi. Watu walikifurahia. Waliniambia uhuru umenikubali. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na minne na sikuweza kufunga kamba za viatu bila kuketi kwanza. Magoti yaliniuma, na nikipanda kilima kidogo nilihema kama niliyefukuzwa.

Nikaenda kwa daktari, Mzungu mmoja aliyekuwa hajaondoka. Hakuniuliza ninakula nini wala ninashindaje. Alinipa karatasi iliyopigwa chapa: nusu balungi, samaki wa kuchemsha, biskuti kavu mbili, kila kitu na namba yake pembeni. Nilitakiwa kupima, kuandika na kujumlisha kila siku. Nikamwuliza obusuma una namba gani. Akatazama karatasi yake, akasema haumo, basi niache kuula.

Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Huo ndio ugali ulionilea, na mimi ndiye niliyelipwa kuwafundisha watu kulima mahindi yake. Leo naambiwa niuache kwa sababu mtu aliyeandika orodha hakuujua!

Mke wangu aliisoma ile karatasi yote. Akauliza kama apime ugali kwa mizani ya mbegu. Kisha akasema neno ambalo daktari hakulifikiria.

"Baba watoto, ulipokuwa na baiskeli hukuwa hivi. Na mkate hukuwa unakula."

Kesho yake niliitoa baiskeli stoo. Siku ya kwanza kilima kilinishinda, nikashuka na kusukuma, huku dereva akinifuata polepole na gari kama anayesindikiza maiti. Nilimwambia arudi. Mkate, sukari na siagi tuliviacha. Nikarudia obusuma wa wimbi kwa mboga ya mrenda, nikala mpaka njaa iishe, nikanawa. Sikuhesabu chochote. Landrova nikaiachia kazi ya kubeba magunia ya mbegu. Kufikia mavuno, mke wangu alikuwa amenipunguzia suruali mara mbili, na nilikuwa nafika Bukura bila kushuka njiani.

Nilidhani watu watafurahi. Wa kwanza kuja alikuwa kaka wa mke wangu, kutoka shamba lake la Lugari. Alikaa, akanywa chai, akazunguka maneno, hatimaye akauliza kama nimefutwa kazi, au kama dada yake hanipikii. Mke wangu alisikia yote akiwa jikoni. Alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba hadi mgeni alipoondoka, na sikumbuki kumwona tena akiwa ameumia vile.

Kisha mkubwa wangu akaniita. Alikuwa Mwafrika kama mimi, tuliyeanza naye kazi. Alifunga mlango mwenyewe.

"Bwana, unatuaibisha," alisema. "Watu watasema serikali yetu imeshindwa kuwatunza maofisa wake."

Nikamwambia gari lipo, na miguu yangu ipo pia. Hakucheka. Alisema baiskeli ilikuwa ya wakati wa mkoloni, na ofisa aliyekonda haheshimiwi na wakulima. Nilimjibu kwamba wakulima ndio wanaonisimamisha njiani siku hizi kunionyesha mahindi yanayoliwa na wadudu. Nilipokuwa ndani ya gari waliishia kunipungia mkono.

Mwaka uliofuata nafasi ya juu ilipotangazwa, niliikosa. Karani aliyechapa barua alinidokezea kilichoandikwa juu yangu: kwamba afya yangu ina mashaka. Afya yangu! Mimi niliyekuwa napanda kilima bila kuhema, nikalinganishwa na mwenzangu aliyehitaji kushikwa mkono kushuka garini, na nafasi akapewa yeye.

Nilikwenda kumwuliza mkubwa ana kwa ana. Alisema nisichukulie vibaya, na kwamba nikirudisha mwili tutazungumza. Sikurudisha. Nilistaafu nikiwa katika cheo kilekile, na yale maneno yake bado yananichoma nikiyakumbuka.