Nilifinya vitufe vyote viwili

Ndugu na marafiki, naomba radhi: sikukataa kuhudhuria ndoa ya mjukuu wangu Mireille.

Leo asubuhi alinitumia fomu ya mwaliko kwenye simu.
Niliandika jina langu kwa uangalifu.
Chini palikuwa na vitufe viwili: «Nitakuja» na «Sitakuja».

Sasa, mapadri wa misheni walitufundisha kwamba mtu mwenye adabu haachi nafasi tupu katika karatasi.
Nikafinya cha kwanza.
Nikafinya na cha pili.

(Wazee wenzangu, semeni ukweli: nanyi mngefanyaje?)

Papo hapo Mireille akapiga simu kutoka mtaa wa Kikula.
«Nkambo, tulikukosea nini? Nani atanipeleka ku altare?»

Alikuwa akilia. Baba yake alikwisha kufariki. Ni mimi niliyeahidi kumshika mkono siku hiyo.

Nikamweleza, kwa aibu kubwa.
Halafu kicheko!
«Ee Nkambo! Weye unafinya bouton zote mbili? Fomu inashika ile ya mwisho!»

Baada ya dakika chache akanitumia fomu nyingine, yangu peke yangu.
Ina kitufe kimoja tu: «Nitakuja».

Mniwie radhi, nimekifinya mara tatu.