Nyongeza Haihesabiwi

Nauza kamera za ulinzi Kawempe, mtaa wa Kampala, zile ndogo za kukaa juu ya mlango, na nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Hata ngazi nahesabu. Ukiishi kwa biashara unajua kwamba kitu kisichohesabiwa huota miguu.

Lakini kipo kimoja ambacho Kampala ilinikataza kukihesabu tangu nilipohamia kutoka Kenya: nyongeza. Mteja akishakubana bei mpaka ukaona nyota za mchana, akishalipa, bado ananyoosha mkono. Kwa muuza nyanya ni nyanya moja zaidi. Ggaba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, ni kasamaki kadogo juu ya kakubwa. Usipompa, harudi. Na ukiihesabu si nyongeza tena, imekuwa bei.

Mimi nilikuwa naongeza pia huduma: naifunga kamera ukutani na kuiwekea namba ya siri. Namba moja kwa wote, moja mpaka sita. Mteja akisahau ananipigia, namkumbusha, ananiona mtu wa maana.

Mtaani kwetu kuna injinia mwenye kampuni ndogo ya intaneti, binti wa mwanajeshi wa kaskazini, aliyekulia kambini na kukiokota Kiswahili humohumo. Wiki moja intaneti yake ikawa inakufa na kufufuka. Jumatano akaniita ofisini kwake, ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nne.

"Wakubwa wanaoniuzia laini wameandika barua," akasema. "Ijumaa saa kumi na moja jioni wanakata, nisipowaambia shida inatoka wapi na nani ameumia. Miaka tisa ya kazi, ndugu yangu. Wewe unajua kila mlango huku. Nenda uhesabu walioumia. Mimi natafuta adui."

Nikazunguka. Mwenye duka la dawa hakuwa ameagiza dawa siku tatu. "Intaneti hapana, ssebo," akasema. "Lakini kamela yako haijakufa! Angaria taa yake, iko nafanya kazi sana."

Nikamshukuru kwa sifa.

Mteja wangu mwingine, mwanajeshi mstaafu, alinipokea getini kama nimechelewa gwaride. Mwanawe yuko nchi ya mbali, analinda amani, na wanaonana kwa video. "Wewe Mkenya! Mtoto alikuwa anaongea, sura ikasimama. Mdomo wazi, macho wazi. Ikabaki hivyo. Mama yake akapiga kelele, akafikiri risasi imempata."

"Pole, afande."

"Pole ya nini? Hata si wewe umefanya."

Alhamisi nikarudi na nyumba sitini na mbili, nimezihesabu mara mbili. Injinia hakutazama karatasi yangu. Alikuwa ameukodolea macho mchoro kwenye kompyuta: mstari umelala kimya kama maji ya ziwa asubuhi, halafu ghafla ukuta, umepanda mpaka mwisho wa kioo na kugoma kushuka.

"Nilikuwa natafuta adui anayeingia," akasema polepole. "Huyu hajaingia. Anatoka. Ni sisi tunapiga."

Akanieleza. Kuna mtu, hajulikani yuko wapi, anayezunguka dunia nzima kwa programu akijaribu milango ya vifaa vidogo. Mlango ukifunguka, kifaa kimeandikishwa jeshini. Kinaendelea na kazi yake na mwenyewe hajui. Siku ya amri, vyote vinapiga kelele kuelekea tovuti moja, ng'ambo ya bahari, mpaka inazimia. Na kelele zinapotoka zinaziba njia yetu wenyewe. Walioumia hapa hata hawakuwa wamelengwa.

Nimewahi kuona wadudu wa ziwa wakija Ggaba. Kwa mbali unadhani moshi umesimama juu ya maji. Mdudu mmoja hana uzito, unampuliza. Wakifika wote, mchana unaingia giza, muuza samaki anafunga mdomo, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu hakuna mdudu aliyefanya kitu. Nilisimama mbele ya ule ukuta nikahisi hivyohivyo. Kitu cha kuenea kiganjani, kilichofungwa kwa misumari miwili Kawempe, kilikuwa kinasaidia kuangusha kitu nisichoweza hata kukadiria ukubwa wake.

"Nisomee nyumba zinazopiga," nikasema.

"Duka la dawa la kona..."

"Afande mstaafu," nikaendelea. "Saluni ya juu ya bucha. Fundi viatu. Kanisa la mabati."

Akageuka. "Umejuaje?"

Nilijadiliana na nafsi yangu kidogo, nayo ikakataa kushusha bei. Nikamwambia. Moja mpaka sita.

"Ndugu yangu, kambini hata choo kilikuwa na kufuli bora."

Kamera nilizouza mtaani zilikuwa arobaini. Ijumaa tangu alfajiri nilipita kila mlango: zima, isahau amri, washa, badili namba kabla haijatekwa tena. Afande alishika ngazi huku akihoji.

"Jeshi gani hii? Hakuna sare, hakuna mshahara, na kamanda haonekani?"

"Haonekani, afande."

"Na inatii?"

"Papo hapo."

Akatikisa kichwa, kwa masikitiko yaliyochanganyika na wivu. "Mimi niliongoza watu thelathini. Kugeuka kushoto tu, wiki mbili."

Saa kumi na nusu nilikuwa nimepanda tena ngazi arobaini na nne. Ukuta ulikuwa umeanguka, lakini umebaki mwinuko mdogo usiotaka kulala.

"Bado mmoja," injinia akasema. "Umesahau mteja."

"Sisahau mteja. Arobaini. Nimehesabu mara mbili."

"Hesabu tena."

Nikahesabu, hata zake tatu za kwenye mnara wake wa intaneti, ambazo aliniminya bei mpaka nikakaa chini. Hapo nikakumbuka alivyonyoosha mkono baada ya kulipa: "Na nyongeza?" Nikampa ya nne, yenye mkwaruzo.

Tuliinua macho pamoja. Ilikuwa juu ya mlango wake, taa inapepesa, inatutazama. Haikuwa kwenye hesabu yangu kwa sababu ilikuwa nyongeza, wala kwenye orodha yake kwa sababu ofisi si mteja.

Akapanda kiti, akachomoa waya. Mstari ukalala.

Tukaandika barua haraka, yeye akipiga chapa, mimi nikimsomea: nyumba sitini na mbili zilizokatika, na vifaa vilivyotekwa.

"Arobaini," akasema, vidole tayari.

"Arobaini na moja."

"Nyongeza haihesabiwi."

"Hii inahesabiwa."

Ikaenda saa kumi na moja kasoro dakika sita. Tukakaa tukitazama taa za mitambo yake ukutani. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Nilizihesabu taa, zote zinawaka. Nikazihesabu tena.