Masikio Yangu ya Swichibodi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa opareta wa simu mjini Busia. Ukitaka kuongea na Malaba au Nairobi ulipitia kwangu. Nilichomeka waya kwenye swichibodi, nikawaunganisha, na sheria ilinitaka nitoke kwenye laini. Sikuwa nikitoka. Nilipenda umbea kuliko chai, na leo sina sababu ya kuficha.

Mkubwa wetu wa kituo, mzee mpole wa Nangina, aliniamini kabisa.

Asubuhi moja aliingia mtu wa usalama. Alikuwa akimfuatilia ajenti mmoja wa forodha aliyetetea vyama vingi waziwazi, na alitaka nisikilize simu zake zote nimwandikie.

"Leta barua ya korti, boss," mkubwa alimwambia. "Watu wanaamini hii laini. Hapa hakuna mtu anasikiliza simu ya mwingine."

Yule mtu alicheka. "Hakuna? Mzee, uchumba ya binti ya mwalimu wa Busibwabo ilivunjika kwa simu, hapa hapa. Mbona soko yote ilijua kabla ya baba yake? Uliza huyu dada."

Mkubwa akanigeukia. Ningeweza kukana, lakini nilikuwa nimemsimulia msusi wangu mwenyewe, na la msusi ni la mji mzima.

"Ni kweli, mzee," nikasema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Si umeona? Kazi anajua," yule mtu akasema, akinisukumia karatasi yenye namba ya ajenti.

Mkubwa aliichukua, akamrudishia. "Huyu nitamwadhibu mimi. Lakini bila barua, hapana."

Barua ilikuja wiki mbili baadaye, ila si ya korti. Ilikuwa ya kumhamisha mkubwa wetu mbali na nyumbani. Hakunigombeza hata siku moja. Adhabu yake ilikuwa niende Busibwabo nimwombe radhi yule binti, nami nikaenda, nikalia mbele ya mama yake.

Habari za kukataa kwa mkubwa zilimfikia ajenti, sijui kwa njia gani. Alikuja kaunta na kuku mzima chini ya kwapa.

"Asante sana, dada. Wewe na mzee mmetulindia siri zetu."

Nilimpokea kuku kwa mikono miwili, maana kukataa kungekuwa matusi. Kwa aibu nikatafuta neno lolote la heshima, nikamuuliza kama mkewe amepata nafuu.

Tabasamu lilimfifia taratibu. Ugonjwa ule alikuwa amemwambia dada yake wa Nairobi tu, kwa simu.